Shahidi wa Kwanza

Karatasi iliniambia niliona.
Saa mbili usiku, tarehe kumi na nne,
nyuma ya ghala la tumbaku, Urambo,
mtu mmoja, baiskeli moja,
mizinga mitatu ya nyuki isiyo yake.
Mistari sita. Mwalimu Mlekwa akaigonga kwa kalamu:
"Hii ndiyo akili yako, Nyamizi. Usiongeze, usipunguze."

Nilitaka uwakili.
Uwakili alipewa Kabula, mwenye sauti ya kengele ya mlo.
Mimi nikapewa macho.

Wiki tatu mistari ile ililala chini ya mto wangu.
Taa ikizimwa bwenini
nilikwenda Urambo bila kushuka kitandani.
Usiku wa kwanza palikuwa na ghala tu, ghala na giza.
Usiku wa nne akaja mbwa, ana sikio moja.
Wa saba, nyuki: hawakuwa wamelala,
walivuma ndani ya magome
kama akina mama wa jumuiya wakisali rozari.
Sijui ni usiku gani mwezi ulipanda.
Sikuuita. Niliukuta juu ya bati.

Jumamosi, Tabora mjini, bwalo limegeuzwa mahakama,
maharage ya jana bado yamo kutani.
Kizimba ni madawati mawili na kamba ya kuanikia.
Mawakili wamevaa majoho ya kwaya, ndani nje,
msalaba wa uzi wa dhahabu ukiwakuna kifuani.
Hakimu ni hakimu kweli, mstaafu wa mahakama ya mwanzo,
Bibi Kalunde, miwani imefungwa kwa uzi wa kiatu.
Mshtakiwa ni Shija wa kidato cha pili, shule ya wavulana,
tai ya kuazima,
anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho
na hajaambiwa kwamba haitakiwi.

"Kooorti!"
Tukasimama. Kiti kimoja kikaanguka.

Kabula aliniongoza vizuri. Maswali sita, majibu sita.
"Macho hayana pazia, mheshimiwa," akamalizia,
na wasichana wetu wakagonga meza hadi wakakemewa.

Ndipo akainuka Nkwabi, wakili wa utetezi,
mrefu, ana upole wa daktari wa meno.
Hakugusa baiskeli. Hakugusa mizinga.
"Shahidi, ulimwonaje, na ilikuwa usiku?"

Karatasi ilikaa kimya.
Jibu halali lilikuwa: sikumbuki.
"Palikuwa na mwezi," nikasema,
"juu ya bati la ghala, upande wa kushoto.
Na mbwa alibweka mara mbili."

Nilisikia kalamu ya Mwalimu Mlekwa ikianguka.

Nkwabi akafunua kalenda ya chama cha ushirika,
ile yenye picha ya trekta,
akaomba ipokelewe kama kielelezo.
Tarehe kumi na nne: kiduara cheusi.
Kabula akapinga hadi mishipa ikamtoka shingoni.
Bibi Kalunde akamtazama juu ya miwani:
"Kalenda imeletwa na mwezi wenu, binti. Keti."

Tulishindwa kwa alama nne.
Kwenye fomu yangu hakimu aliandika *mzuri*,
akalikata, akaandika *mzuri mno*,
na Mwalimu Mlekwa hakutaka kunieleza
lile *mno* lilikuwa la nini.

Jioni, bombani, nanawa uso.
Shija akaja na ndoo, tai iko mfukoni.
Hakutabasamu. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto.
"Dada. Hivi... uliniona kweli?"

Mzaha mzaha, husema watu, na wengine humalizia.
Nikafunga bomba.
Stesheni, treni ya Kigoma ilikuwa inapiga honi.
Nikamwambia nenda kale, mdogo wangu,
ile ilikuwa karatasi tu.

Akaenda.
Nikamtazama anavyotembea,
bega la kushoto likishuka kidogo
kama la mtu aliyezoea kusukuma
baiskeli yenye mzigo, usiku, bila taa.